Mzee Anahema na Betri Haijajaa

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya betri mbili za lori zilizokufa, mbele ya karakana ya Fundi Betri, pale barabara inapokata kona kwenda sokoni. Mimi nakaa mwisho wa ubao, upande wa kivuli, sanduku langu la kushonea viatu likiwa miguuni. Wenzangu huja kupiga soga. Mimi nipo kazini, ingawa ukitutazama kwa mbali utadhani sote ni wavivu wa kiwango kimoja. Miaka kumi na moja nimesikia hapa kila ugonjwa ukitibiwa na kila serikali ikipinduliwa, na yote yakiachwa palepale kahawa ikiisha. Wananiita Soli. Nimewachoka, nasema kweli, lakini kivuli kizuri mtaani hapa ni hiki kimoja tu.

Asubuhi hiyo ilikuwa kama saa mbili hivi. Alikuwepo Fundi Betri, mwenye shati lililotobolewa na asidi hadi likawa chujio. Alikuwepo Redio, mstaafu wa posta ambaye husikiliza vipindi vya afya akiwa na kalamu na daftari, na ndiye mwenye chupa ya kahawa, kwa hiyo tunamvumilia. Alikuwepo Gia, dereva wa pikapu, anajitia kumsimamia Fundi wakati betri yake inachajiwa ndani. Halafu akaja Timazi.

Timazi ni mwashi. Kuta zake hazipindi, ndiyo maana tukampa jina la ile kamba ya kupimia wima. Mimi huangalia miguu ya watu kwanza, ni mazoea ya kazi, na nikaona amevaa ndara ya bluu mguu mmoja na ya kijani mguu wa pili.

— Gia, gari ipo?

— Gari ipo. Betri ndo haipo. Iko ndani, tangu alfajiri inakunywa chaji.

— Mzee wangu kazidiwa. Anahema.

— Kuhema si ndo uhai, bwana mdogo, akasema Redio. Angeacha ndo tungeanza kuulizana.

Timazi hakucheka.

— Anahema vibaya, Mzee Redio. Kwa nguvu na kwa haraka, kama mtu aliyepandisha mifuko ya saruji ghorofa ya nne. Na kalala tu kitandani. Tangu jana jioni. Dada yangu yuko naye. Na leo pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva yakapitiliza.

Baba yake Timazi tunamjua wote. Ana kisukari, cha kujichoma sindano asubuhi na jioni, na tangu juzi tumbo lilimvuruga, kila alichokula kikawa kinarudi. Ni mtu mgumu. Hospitali kwake ni mahali pa kwenda kuwaona wengine. Asubuhi hiyo ndiyo mara ya kwanza alikuwa ametikisa kichwa kukubali kupelekwa.

— Fundi, bado sana?

— Nusu saa. Nikiitoa sasa itapiga stata mara moja, ikigoma mtaisukuma na mgonjwa yumo ndani.

— Si una betri nyingine humo? Naona zimejaa tele.

— Zimekufa zote. Ndo maana ziko humo.

Basi Timazi akakaa. Redio akammiminia kahawa. Kosa la siku ile lilianzia hapo, maana mtu akishakaa kwenye ubao wetu na kikombe mkononi amefungua kikao. Kwa nini hakwenda barabara kubwa kutafuta gari nyingine? Alikuwa na siku mbili hajalala, na mtu aliyechoka kiasi kile hupenda kuambiwa subiri. Unamwona anashusha pumzi.

— Hiyo ni asidi, akasema Fundi Betri.

— Asidi gani?

— Asidi, asidi! Nakwambia mimi ninayelala nayo. Mwili ni betri. Una maji, una chumvi, una umeme. Mtu akikugusa mkono, hushtuki? Sasa betri ina kiwango chake. Nachovya kile kipimo changu cha kioo, boya linapanda ama linashuka. Asidi ikizidi inakula vibao vya ndani. Ikipungua, haiwaki. Mzee imemzidi.

— Umempimia wapi? Gia akauliza. Boya umemchovya lini?

— Dalili ya mvua ni mawingu.

— Mawingu gani, Fundi? Mgonjwa yuko ndani ya nyumba.

Redio alikuwa tayari anafunua daftari. Alilamba kidole, akageuza kurasa kama karani anayetafuta barua ya mtu asiyempenda.

— Ngojeni, niliandika. "Damu ni ya alkali kidogo. Saba nukta tatu tano hadi saba nukta nne tano. Ikitoka hapo ni hatari." Kipindi cha asubuhi, kabla tu ya matangazo ya vifo.

— Saba nini? Lita?

— Saba tu. Hawakusema saba nini. Ulipigwa muziki.

— Kwa hiyo mtu mzima, na misuli yake, na deni zake, anaishi kati ya saba na saba?

— Kati ya nukta na nukta, Gia. Ndo uone Mungu anavyofanya kazi kwa vidogo.

Timazi alikuwa amekishika kikombe bila kunywa.

— Nani anailinda hiyo saba? akauliza.

Lilikuwa swali zuri. Ubao wetu ukipata swali zuri hulitendea kama mbuzi aliyechinjwa, kila mtu anakimbilia kipande chake.

— Mdomo, akasema Redio. Unachokula ndo kinachoilinda ama kinaiharibu. Mzee anakula ndimu?

— Anaweka kwenye chai.

— Basi! Ndimu si asidi?

— Mimi nanyonya ndimu tangu sina meno, akasema Gia, na niko hapa.

— Wewe si mfano, Gia. Wewe ni onyo.

— Sikilizeni, sikilizeni. Gia akasimama, maana kukaa humnyima nafasi ya mikono. Mnaacha barabara mnapita shambani. Gari likichoma mafuta linatoa nini? Moshi. Mwili ukichoma chakula unatoa nini? Moshi. Moshi huo huo ndo asidi yenyewe, imechanganyika na damu. Sasa inatokaje? Inatoka kwa pumzi! Ukikanyaga mafuta, ekzosi inafoka. Mzee anahema kwa sababu ekzosi yake ina kazi nyingi leo. Ukiiziba, injini inazima. Kwisha.

— Kwa hiyo pua ni ekzosi?

— Pua na mdomo. Bomba mbili, kama gari la kifahari.

— Gari gani lina ekzosi mbele, Gia?

— Ya nyuma ipo pia, ila hiyo kila mtu anaijua.

Tukacheka. Hata Timazi alicheka, nikaona meno yake kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Na mimi nilicheka, uzi ukiwa mdomoni. Gia naye akaona tumecheka, akakaa, akaliacha wazo lake hapo kama mtu aliyeshusha abiria njiani. Ndivyo tulivyo. Neno likichekesha tunadhani limekwisha kazi.

— Kuna figo pia, akasema Redio, kidole kikiwa kwenye mstari. Nimeandika hapa. "Figo huitoa asidi kwa mkojo, lakini taratibu, huchukua siku."

— Siku ngapi?

— "Siku." Hawakusema ngapi.

— Muziki?

— Muziki.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Fundi Betri.

— Hapa hatujazi, Fundi. Hapa tunamwaga.

— Kibaba ni kilekile. Ila mzee hana siku za kungoja figo. Njooni niwaonyeshe kitu.

Akaingia ndani, akarudi na kichupa cha maji ya betri na kopo la magadi. Hii ni kazi yake ya kila siku. Asidi ikimwagika sakafuni huwa hapigi deki, anainyunyizia magadi kwanza, ndipo anafagia. Akadondosha matone matatu kwenye saruji, mbele ya miguu ya Timazi. Saruji ikaanza kulia. Akatupia magadi kwa vidole viwili, kama mtu anayekoleza mchuzi. Likainuka povu, likafoka, likatulia.

— Imekufa, akasema. Asidi kwisha. Weka kidole.

Timazi akaweka kidole, mwashi yule, akakitazama.

— Na hilo povu ni nini?

— Hewa tu. Inatoka, inakwenda zake.

— Hewa inayotoka, akaanza Gia, si ndo ile nilikuwa nasema...

— Gia, tumeshamaliza habari za ekzosi. Bwana mdogo, sikia. Vijiko viwili kwenye glasi ya maji. Betri ya lori naipigia kikombe kizima, lakini mzee wako kakonda, yeye ni sawa na betri ya pikipiki. Anywe yote. Asidi itafia tumboni.

— Na hospitali?

— Hospitali ipo tu. Haina miguu.

— Na hiyo pumzi, akaingia Redio, lazima ipunguzwe. Haraka haraka haina baraka. Nilisikia mtu akihema kwa hofu anapewa mfuko wa karatasi, anapumulia humo humo, pumzi inarudi alikotoka, anatulia. Mfuko ninao, ulikuwa na sukari guru.

— Hiyo ni ya hofu, akasema Gia. Mzee ana hofu?

— Mtu aliyekubali kwenda hospitali hawezi kukosa hofu.

— Mimi bado naona kuziba ekzosi...

— Gia! Wewe gari lako lenyewe liko wapi?

Gia akageukia mlango wa karakana. Hilo lilimpata.

Nikamtazama Timazi. Uso wake ulikuwa umelegea, si kwa kuamini, bali kwa kupata kitu cha kushika. Nimeona wateja wa namna hiyo. Anakuja na kiatu kilichokufa, anajua kimekufa, anachotaka ni mtu wa kumwambia kitapona. Fundi akamfungia magadi kwenye kipande cha gazeti. Redio akaukunjua ule mfuko wa kaki, akaupuliza kuona kama una tundu. Timazi akainuka na magadi mkono huu, mfuko mkono ule.

— Basi ngoja nimpe hivi kwanza, akasema. Betri ikijaa mniite. Labda hata haitahitajika.

Mimi sikusema kitu. Mimi huwa sisemi. Watu wanajua hivyo, na sitaki kuficha kwamba najivunia.

Alikuwa ameshapiga hatua mbili alipokutana na mama mmoja anakuja kwangu na kiatu kilichokatika kamba. Si mtu wa ubao wetu, sikuwa nimewahi kumwona. Mama wa makamo, uso wa kijivu kidogo, na kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, mshipa umevimba na kujiviringa kama kamba iliyopitishwa chini ya ngozi. Alikuwa amesimama pale kwa muda, naona, akingoja tumalize, kama wateja wenye adabu wanavyofanya.

— Samahani, mwanangu, akamwambia Timazi. Huyo anayehema ni nani yako?

— Baba yangu, mama.

— Ana sukari?

— Anayo.

— Na huo mfuko unaenda kumfunika nao mdomo.

Alilisema bila kupandisha sauti. Akaja akakaa kwenye ubao, akajishika magoti kwanza, mtu anayejua gharama ya kukaa na kuinuka. Redio akampa kahawa, akaikataa kwa mkono.

— Siruhusiwi vinywaji vingi, akasema. Figo zangu zimekufa, mwaka wa tatu huu. Mara tatu kwa wiki nalala kwenye mashine kwa saa nne, inanisafisha damu kupitia mshipa huu. Nikikosa zamu mbili, nahema hivyohivyo unavyosema, nami nimelala. Saa nne ni nyingi, dari nimeimaliza kuhesabu, nikawa nawauliza wauguzi maswali. Wakanieleza. Mwili kila siku unatengeneza asidi. Hata tukikaa hivi. Damu ina kitu chake, kama magadi, kinaipoza papo hapo.

— Si nilisema magadi! akaruka Fundi Betri.

— Ulisema ya kunywa, fundi. Ya damu yana kipimo chake, na yakiisha hayajazwi kwa kijiko. Huyo mzee anatapika, ukimmiminia hilo povu tumboni utamtapisha tena, huku ugonjwa wenyewe uko palepale. Baada ya hapo ni mapafu. Asidi ikipozwa inageuka hewa, mapafu yanaipuliza nje, hiyo ni kazi ya dakika. Figo zinakojoa iliyobaki na kutengeneza magadi mengine, hiyo ndo ya siku. Sasa baba yako magadi ya damu yameisha na figo haziwezi kuwahi. Yamebaki mapafu. Anavyohema vile hajazidiwa na pumzi, mwanangu. Anajiokoa nayo. Ndiyo kitu pekee anachofanya sawasawa hivi sasa.

 Gia akasema, kwa sauti ndogo:

— Ekzosi.

Safari hii hakuna aliyecheka. Timazi aliutazama ule mfuko, akauweka chini taratibu, kama kitu kinachoweza kulipuka.

— Lakini hiyo asidi yote imetoka wapi, Redio akauliza, kama si ndimu?

— Ndimu haina neno. Kwenye mashine pale nalala jirani na mtu wa sukari. Kaniambia, ukikosa sindano sukari inabaki kwenye damu, mwili hauwezi kuitumia, unaona njaa tupu. Unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe. Yakiungua yanatoa asidi, na ile harufu ya matunda. Akamgeukia Timazi. Alichoma lini mara ya mwisho?

— Juzi asubuhi.

— Juzi! Dawa imekwisha?

— Ipo, mama. Iko kwenye mtungi wa maji, tunaiweka humo ipate ubaridi. Ila alikuwa hali. Anatapika. Tukaona akichoma bila kula, sukari itamshuka afe.

— Mkaacha yote?

— Yote.

— Nani aliwaambia aache?

Swali dogo tu. Mtoto angeweza kuliuliza. Muda wote huo tulikuwa tumepima betri, tumehukumu ndimu, tumezunguka na figo na bomba za moshi, na hilo halikuwa limepita mdomoni mwa mtu. Fundi Betri akainama kuangalia waya ambao haukuwa na tatizo. Redio akafunga daftari. Gia alikuwa ananitazama mimi.

Kwa sababu ilikuwa mimi. Juzi mchana Timazi alipita hapa, hawa watatu wakigombana juu ya mpira, akachuchumaa karibu na sanduku langu, Gia akiwa hatua moja tu kutoka kwetu. Aliniuliza mimi kwa sababu mimi si mropokaji. Mzee hali kitu, achome ama asichome? Sikuinua hata uso. Nikamwambia, asiyekula hachomi, sindano bila chakula ni sumu. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Nililitoa wapi? Hapahapa, kwenye ubao huu, nililisikia mwaka sijui gani kutoka kwa mtu nisiyemkumbuka. Ningeweza kumwambia nenda kawaulize zahanati, ni mwendo wa dakika kumi. Alinishukuru. Aliniita mzee wangu.

— Siulizi kwa ugomvi, akasema yule mama. Lakini wakikupokea watauliza. Sindano huwa haiachwi hivihivi, hata kama mtu hali, unakwenda kuwauliza wao kiasi gani. Watataka kujua nani aliyesema.

— Hakuna mtu, mama, Timazi akajibu. Niliamua mwenyewe.

Hakunitazama. Alisema vile akiangalia barabarani, kijana mwenye ndara mbili za rangi mbili, akanibebea. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nilipokuwa mwanafunzi. Afadhali angenitukana mbele ya wote.

— Fundi, akasema Timazi, toa hiyo betri.

— Haijajaa.

— Itoe.

Ikatolewa. Gia akaifunga chini ya boneti, akapanda, akazungusha ufunguo. Stata ikakoroma mara moja, ikafa. Akashusha dirisha, akatupungia mkono tusukume. Tukasukuma. Redio na miaka yake sitini na sita, Fundi na shati lake la matundu, Timazi mbele ya wote, na mimi. Nimekaa pale miaka kumi na moja na sijawahi kuliacha sanduku langu wazi. Karibu na kona gari likashtuka, likakohoa, likawaka, moshi ukatupiga usoni, na Gia akapiga kelele tuache, tuache, limeshika.

Timazi akarukia mbele. Nyumba yao iko mtaa wa pili tu. Fundi na Redio walibaki wameshika viuno wanahema. Mimi nikashika ubao wa nyuma wa pikapu, nikapanda, goti likalia.

— Mzee Soli! Timazi akatoa kichwa dirishani. Unaenda wapi?

— Hospitali.

— Kufanya nini, mzee wangu?

— Watauliza nani, nikamwambia. Nataka niwepo.